Siyo Kichina kinachomshinda, ni sikio

Kila aliyekulia Xiaobei ana orodha ya vitu anavyoagizwa na ndugu wa nyumbani. Simu, nywele, vipuri vya pikipiki, mapazia, taa za sola. Miaka hii kimeongezeka kitu kimoja: "Ukija mletee bibi kile kimashine cha sikio, huko kwenu si bei chee." Kipindi kilichopita tulizungumzia wazazi wanaozeekea hapa China, na ujumbe uliomiminika kuliko mwingine wote haukuwa wa viza wala wa kusafirisha maiti, kama tulivyotegemea. Ulikuwa wa masikio. Watu wanauliza kipi kizuri, yuan ngapi, kinauzwa wapi, na kwa nini mzee alinunuliwa kimoja, akakivaa siku mbili, akakitupia kabatini.

Kwa hilo swali la mwisho nina maoni yangu, na sitayazungusha. Wazee wetu wanaviacha vifaa hivi kwa sababu mara nyingi tunawapa kitu kisichowafaa, kwa njia isiyofaa, halafu tunawaita wakaidi. Kifaa cha usikivu hakibebeki kama mzigo wa kargo. Hutoi pesa, ukapima kilo, ukakabidhi, ukaaga. Na sisi tuliokulia Dengfeng, ambao ndio tunaoagizwa, tungekuwa wa kwanza kuwaambia wenzetu hivyo.

Tuanze na boksi lenyewe. Kwa Kichina kinaitwa zhùtīngqì. Ukiliandika neno hilo kwenye programu yoyote ya ununuzi hapa, utaletewa vitu viwili tofauti vimepangwa pamoja kama mapacha. Kimoja ni kikuza sauti tu: kinaokota kila sauti iliyo karibu na kuipandisha, mlango, pikipiki, sufuria na mjukuu, vyote kwa pamoja. Hicho utakipata kwa yuan mia moja na kitu, hata chini ya hapo. Kingine ni kifaa cha usikivu chenyewe. Hicho mtaalamu anakiunganisha na kompyuta na kukipangia akikuze sauti nyembamba kiasi gani, nene kiasi gani, na kelele za ghafla azizuie wapi, kwa kufuata kipimo cha sikio la mtu huyo mmoja. Bei yake inahesabika kwa maelfu ya yuan. Sheria ya China inakihesabu kifaa cha usikivu kuwa kifaa tiba cha daraja la pili, kwa hiyo kilichotengenezwa hapa Guangdong kwa utaratibu kina namba ya usajili inayoanza na yuè xiè zhù zhǔn, 粤械注准. Itafute kwenye boksi. Kama haipo, umenunua spika ndogo ya kuvaa sikioni, na mzee akikwambia inampigia kelele, anasema kweli.

Nyumbani shuleni wanakiita shime sikio, jina ambalo mimi nalipenda, ila sijawahi kumsikia mtu wa Xiaobei akilitumia. Hapa ni "kimashine" tu.

Sasa tuseme umepata cha kweli. Bado safari haijaanza, na ili uelewe kwa nini, inabidi ujue uziwi wa uzeeni unavyoingia. Hauji kama mtu anayezima redio. Unaanzia juu, kwenye sauti nyembamba: s, f, t, k, sh. Irabu, ambazo ni nene, zinabaki. Na kazi zimegawanyika: irabu zinabeba ukubwa wa sauti, konsonanti ndizo zinabeba maana. Ndiyo maana mzee anakwambia, "Nakusikia, usinipigie makelele, ila sielewi unasema nini." Ukimpigia kelele zaidi unamwongezea irabu, ambazo alikuwa nazo tayari. Chukua maneno sita, pita, vita, fika. Yafute konsonanti, yote yanabaki i-a. Chukua bei: sitini na tisini. Zote zinabaki i-i-ni. Mfanyabiashara asiyetofautisha sitini na tisini ameshapata hasara kabla hajafungua pochi.

Kichina ndiyo balaa zaidi. Kumi ni shí, nne ni sì. Kumi na nne ni shísì, arobaini ni sìshí. Wenyeji wengi wa Guangzhou, kwa lafudhi yao ya Kikantoni, hiyo sh wanaitamka s, kwa hiyo hata kijana mwenye masikio mazima anauliza mara mbili. Mchina mzee anajiokoa kwa toni, maana toni zinapanda na kushuka humo humo kwenye sauti nene ambazo sikio la uzeeni bado linazo. Baba yangu alijifunzia Kichina sokoni akiwa mtu mzima, na toni hakuwahi kuzishika vizuri. Alikuwa anaishi kwa konsonanti. Zilipoanza kumtoka hakuwa na pa kushika.

Na Dengfeng ni mahali pazuri sana pa kuficha uziwi. Nimefikiria sana jambo hili, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kulisema kwa dakika mbili kwenye kipindi. Anayejua Tianxiu au masoko ya Sanyuanli anajua biashara inavyofanyika: kikokotoo. Muuzaji anabonyeza bei, anakuonyesha. Unafuta, unabonyeza yako, unamrudishia. Anatikisa kichwa, anabonyeza tena. Mnaweza kumaliza kontena zima bila sentensi moja kamili. Mtindo huu uliwekwa kwa ajili ya watu wasio na lugha moja, lakini unamhudumia vizuri kabisa mtu anayepoteza usikivu. Baba amefanya biashara hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyetegemea asikie.

Halafu kuna ile kauli yetu ya kila siku, tīng bù dǒng. Wachina wana njia tatu za kusema hili jambo. Tīng bù dǒng ni nimesikia ila sijaelewa. Tīng bù qīngchu ni sijasikia sawasawa. Tīng bù jiàn ni sisikii kabisa. Mgeni anajifunza ile ya kwanza siku ya kwanza, nayo inamtosha maisha yote: kwa polisi, benki, kwa mwenye nyumba, kwenye teksi. Sisi kwenye Kiswahili tuna "kusikia" moja inayobeba yote. "Unasikia Kiswahili?" mtu anakuuliza, akimaanisha unakielewa. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiwa hapa anaweza kuwa kiziwi kwa miaka, na mji mzima, pamoja na familia yake, ukaamini ni lugha. "Baba yenu Kichina hakimwingii," walikuwa wanasema, na sisi tunacheka.

Aliyegundua ni shangazi, Tanga, siku ya pili tu ya Idi. Pale hakukuwa na Kichina cha kusingizia. Alimuuliza baba kwa Kiswahili kama amekula, baba akamjibu kwamba watakuja kesho.

Sisi watoto wa hapa tumekuwa masikio ya wazazi wetu tangu tuko darasa la tatu. Unaenda naye hospitali, unaenda naye ofisi ya uhamiaji, unamtafsiria. Kazi hiyo imetulea na wengi wetu tunajivunia, na mimi ni mmojawapo. Lakini ina upande wake wa pili: mtu mwenye mkalimani hapimwi. Daktari anamsemesha mtoto, mtoto anamsemesha baba kwa karibu, kwa sauti, uso kwa uso, na baba anajibu vizuri. Nani atajua? Shirika la Afya Duniani lilisema kwenye ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Kizazi cha kwanza cha Waafrika wa Guangzhou, walioanza kufika mwishoni mwa miaka ya 1990, ndiyo kinaingia umri huo sasa. Hesabu ni rahisi. Mtaani kwetu wapo wengi, na kila mmoja anasema tīng bù dǒng.

Kupimwa kwenyewe nako kuna mambo. Sehemu ya kwanza haina lugha: unavaa vifaa vya masikioni ndani ya chumba kisichopitisha sauti, ukisikia mlio unabonyeza kitufe, hata uwe mdogo vipi. Inachorwa karatasi yenye mistari ya kila sikio. Hiyo karatasi ndiyo ninayoitaka, nitaieleza baadaye. Sehemu ya pili ni maneno, mtaalamu anayataja na wewe unayarudia, na hapo mtu wa Tanga anapewa orodha ya maneno ya Kichina. Akikosea, kakosea kwa sikio au kwa lugha? Huwezi kujua. Sisi tulibahatika: mtaalamu, dada wa makamo mwenye subira, aliniomba nisimame nyuma ya baba, nifunike mdomo kwa karatasi, nimsomee maneno ya Kiswahili kwa sauti ya kawaida. Siyo kipimo rasmi, alisema, ila kitamwonyesha njia. Nikasema "shoka," baba akasema "choka." Nikasema "sabini," akasema "kabini." Nilisoma maneno ishirini. Alipata saba.

Turudi kwa kuridhika na kutoridhika, maana kuna tarakimu zinazonisaidia kusema ninachosema. Vyama vya watengenezaji wa vifaa hivi hufanya uchunguzi nchi mbalimbali kuuliza wenye vifaa kama wameridhika. (Ni uchunguzi wa wauzaji wenyewe, kwa hiyo tuusome kwa jicho la pembeni.) Mwaka 2018 Uingereza walioridhika walikuwa asilimia 74. Japani mwaka huo huo, asilimia 38. Japani, jamani! Nchi ya Panasonic na Sony, yenye wazee wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani. Vifaa ni vilevile, kampuni kubwa za dunia ni zilezile. Tofauti ambayo wachambuzi wanaitaja sana ni namna mtu anavyokipata kifaa: anapimwa na nani, kinarekebishwa mara ngapi, akilalamika anarudi wapi. Uingereza, kwenye huduma ya afya ya serikali, unapimwa, unapewa kifaa bure, na unarudi kikirekebishwa. Hata Wabongo wenzetu wa kule wanavyo, na simu nilizopigiwa kutoka London hazikuwa za kulalamikia bei, zilikuwa za kulalamikia foleni.

Kama Mjapani aliyepo Osaka na duka la kifaa chake liko mtaa wa pili anaweza kutoridhika kwa sababu ya ufuatiliaji, wewe unategemea nini kwa bibi wa Muheza aliyeletewa boksi lenye maandishi ya Kichina?

Siku za kwanza ni ngumu kwa kila mtu, hata kifaa kiwe kizuri vipi. Ubongo uliokaa miaka kumi bila sauti nyembamba umeshasahau zilivyo, na unapoletewa zote kwa mpigo unaona kama vita. Baba alivyotoka kliniki tukapita Baohan saa kumi na moja jioni. Mnaijua Baohan saa hiyo. Honi za pikipiki za umeme, spika za wauza matunda zinazorudia sentensi ileile, mabomba ya chuma yanashushwa, na juu ya yote ule utepe wa gundi wa watu wa kargo, unavyovutwa kutoka kwenye rola kufunga maboksi, krrraaa, kila mlango. Utepe ule ni sauti nyembamba tupu. Baba alisimama katikati ya njia akashika masikio. Alikuwa hajausikia miaka mingi, na alisahau kwamba mtaa wake unalia hivyo. Alivitoa vyote viwili, akaviweka mfukoni, na mtu asiyejua angesema huyu mzee mkaidi.

Tulirudi mara nne. Mara ya kwanza alipunguziwa ukali wa sauti za juu. Mara ya pili alibadilishiwa kile kipira cha ndani ya sikio kwa sababu alisema anajisikia akitafuna kama ng'ombe. Mara ya tatu alipandishiwa kidogo kidogo. Ya nne alipangiwa hali mbili, ya nyumbani na ya sokoni, na kitufe cha kubadilisha. Katika hizo safari nne ndimo kifaa kilimo. Ukiwa na tiketi ya kurudi Dar baada ya wiki mbili huwezi kuzibeba hizo safari nne kwenye begi.

Watoto wana habari yao. Hapa China kupima usikivu wa kichanga kumo kwenye kanuni za uchunguzi wa watoto wachanga tangu 2009, kwa hiyo mtoto wa Kiafrika anayezaliwa hospitali ya Guangzhou kwa kawaida hupimwa masikio kabla hajatoka wodini, jambo ambalo binamu yake aliyezaliwa kijijini hakufanyiwa. Mwongozo wanaoufuata wataalamu duniani ni kupima kabla ya mwezi 1, kujua tatizo kabla ya miezi 3, kuanza msaada kabla ya miezi 6, kwa sababu lugha haimsubiri mtoto. Hadi hapo mtoto wetu yuko mbele. Anavalishwa vifaa, anaanza kuitikia. Halafu anafika miaka miwili mitatu, karatasi za ukaazi zinasumbua, ada ya chekechea inasumbua, na anafanyiwa lile tunalofanyiwa wengi: anapelekwa kwa bibi.

Sikio la mtoto linakua. Kile kipande laini kinachofinyangwa kwa umbo la sikio lake inabidi kifanywe upya kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo. Kikilegea, sauti inavuja na kurudi ndani ya maikrofoni, na kifaa kinapiga mluzi mchana kutwa. Bibi anakitoa ili watu walale, na huwezi kumlaumu. Betri zikiisha inakuwa hivyohivyo. Baada ya hapo neno letu lilelile "kusikia" linageuka fimbo, kwa sababu kwetu mtoto asiyesikia ni mtoto asiyetii. Huyu hasikii, anaitwa haji, anaambiwa aache haachi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndivyo tulivyofundishwa? Kuna watoto wanachapwa kwa uziwi wao. Nasema hivi nikijua wanaonisoma wana watoto nyumbani. Kama wa kwako alipimwa hapa akaonekana ana tatizo, kabla hujakata tiketi yake tafuta kwanza ni wapi huko aendako patatengenezwa hicho kipande cha sikio. Muhimbili wamekuwa wakipandikiza koklea, kile kifaa kinachofanyiwa upasuaji, tangu 2017, kwa hiyo wataalamu wa masikio si jambo la kutafuta ng'ambo tu. Ila Muhimbili iko Dar, na bibi yuko Sumbawanga.

Umri unabadilisha hata maana ya neno "kinafaa". Msikilizaji wetu mmoja, mwanafunzi wa miaka 19, alituandikia kwamba anavipenda vyake kupita maelezo, kwa sababu vimeunganishwa na simu kwa Bluetooth na mhadhara unamwingia moja kwa moja masikioni. Anavivua mahali pawili: akicheza mpira, na akitoka na msichana mara ya kwanza. Mtoto wa miaka saba anachagua vyenye rangi ya machungwa na kuwaringishia wenzake. Akifika miaka kumi na tatu anataka vyenye rangi ya ngozi, na hapo anagundua kwamba "rangi ya ngozi" ya kiwandani siyo ngozi yake. Hilo lichekeshe au likuudhi, shauri yako. Baba yeye anataka kusikia bei, adhana, na wajukuu kwenye simu. Muziki haumhusu. Kabla hajapimwa alikuwa anapenda sana sauti za kurekodi za WeChat kuliko kuongea ana kwa ana, na tulidhani amekuwa mtu wa kisasa. Kumbe sauti ya kurekodi unaweza kuibandika sikioni ukairudia mara tano bila kumwomba mtu samahani.

Kundi gumu kuliko yote ni la katikati, wa miaka 45 hadi 60. Hawa bado wanaendesha biashara na kifaa kwao ni tangazo la uzee. Mzee wa miaka 75 akikivaa, watu wanasema masikini, umri. Mama wa miaka 50 mwenye duka la nywele akikivaa, anaogopa wateja watasema amekwisha. Mtu huyohuyo anatembea na vidude vyeupe vya muziki masikioni kutwa nzima na hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo mimi nilifurahi Septemba 2024, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilipoidhinisha programu inayoigeuza AirPods Pro 2 kuwa kifaa cha usikivu kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Miaka miwili kabla, Oktoba 2022, Marekani iliruhusu vifaa vya kiwango hicho viuzwe dukani bila cheti cha daktari. Wapo wataalamu wanaoguna. Mimi naona hivi: kwa mama wa duka la nywele anayepata shida tu kwenye kelele, kitu anachokubali kukivaa kinashinda kile bora anachokificha. Kwa mtoto, hapana. Kwa baba yangu, ambaye wa kwake umeshapita wastani, hapana vilevile.

Na nyie vijana mnaotusikiliza kwenye treni ya laini ya 5 sauti imepandishwa hadi mwisho ili kushinda mlio wa reli: kiwango kinachopendekezwa ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipanda juu yake saa zinapungua haraka. Podikasti yetu inasikika vizuri tu ikiwa chini.

Unyevu, kidogo. Machi na Aprili hapa ukuta unatoka jasho, huínántiān, na vifaa vinakufa kama nzi. Pwani yetu ni hivyo mwaka mzima. Kikopo chenye chembe za kukausha ni bei ya chai mbili, na kifaa kilale humo kila usiku. Betri zile ndogo za duara hufanya kazi kwa hewa: ukibandua kile kikaratasi cha rangi, imeanza kuisha, uitumie usiitumie. Nimeona paketi nzima imebanduliwa vikaratasi "ili ziwe tayari". Cha kuchaji ni rahisi kwa vidole vya mzee, ila muulize kwanza umeme wa kwao unakatika mara ngapi.

Kwa hiyo, ukiniandikia tena "mletee bibi kimashine", jibu langu litakuwa moja: nitumie karatasi ya kipimo. Ile yenye mistari miwili, sikio la kulia na la kushoto, ya mwaka huu. Bibi apimwe kwanza huko aliko, na kabla ya kupimwa atazamwe kama ana nta, maana wapo waliopewa kifaa wakati walichohitaji ni kusafishwa masikio. Na zile yuan unazotaka kunitumia, ukiweza, mlipe mtu wa kliniki ya huko atakayemwona bibi mara nne. Najua jibu hili linakatisha tamaa. Najua pia wilaya nyingi hazina mtu huyo, na kwamba kwa wengine kile kikuza sauti cha yuan mia ndicho kitu pekee watakachowahi kukipata. Kama ni hivyo, basi kitafutiwe chenye kizuizi cha sauti za ghafla na kinachopungua hadi chini kabisa, kisiachiwe kumpigia mtu mlipuko sikioni. Ila tusikiite kifaa cha usikivu, na bibi akikivua tusimwite mkaidi.

Baba sasa anavaa vyake wastani wa saa nne na nusu kwa siku. Tunajua kwa sababu kifaa chenyewe kinarekodi, na mtaalamu akikiunganisha na kompyuta anaona kila kitu. Yule dada hajapendezwa, anataka saa nane. Baba anasema nne zinamtosha: mbili za sokoni, moja ya msikitini, iliyobaki ya nyumbani hadi taarifa ya habari iishe. Baada ya hapo anavivua na anafurahia kimya chake. Mimi nipo upande wake.

Cha ajabu ni alichoanza kukilalamikia. Wiki ya tatu tulikuwa tunakula, namsimulia habari za kazi, akaweka kijiko chini akaniangalia kwa makini. "Wewe," akasema, "mbona unaongea Kiswahili kama Mchina? Unameza herufi." Dada yangu akacheka sana. Baba hakucheka. Alitaka kujua imeanza lini, na tukamwambia ukweli, kwamba tumekuwa tukiongea hivi tangu watoto. Siku hizi kila jioni, katika ile saa moja na nusu ya nyumbani, ananirekebisha r na l.